Kabichi Zilizosahau Baridi

Usimwonee huruma mapema, mwenyewe hapendi. Mwanamke ninayetaka kukusimulia habari zake anafanya kazi ndani ya jokofu. Sitanii. Ni chumba kizima, kikubwa kama darasa, kuta za bati zenye sponji nene katikati, mlango mzito wa kufungwa kwa mkono wa chuma, na ndani baridi ya kutetemesha meno mwaka mzima, nje jua liwake lisiwake. Kwenye rafu zake hakuna nyama wala samaki. Kuna kabichi. Kabichi hai, zimepandwa kwenye ndoo za plastiki, zimepangwa safu kwa safu chini ya taa nyeupe. Wenzake pale kituo cha mbegu walimbatiza Mama Jokofu, na zamani alikuwa akiitika kwa kicheko, "Abee! Nikutolee barafu?"

Zamani, nasema. Siku hizi ukimwita hivyo anageuka tu, anakutazama, anangoja useme shida yako.

Utaniuliza kabichi zinatafuta nini kwenye baridi. Sikiliza. Kabichi tunayokula ni majani matupu. Ukitaka mbegu lazima mmea utoe maua, na kabichi ina ukaidi wake: haitoi ua mpaka ipigwe na baridi ya muda mrefu. Mahali penye joto ukiiacha shambani itaongeza majani, iongeze majani, mpaka ioze ilipo. Kwa hiyo kituo kinaziingiza ndani, zinakaa wiki nyingi, halafu zinatolewa na kupelekwa kwenye nyumba ya vioo. Huko joto likizikuta zinarefuka, zinachanua maua ya manjano, mbegu inapatikana. Kazi ya Mama Jokofu ni kuhakikisha baridi haikatiki. Ni hiyo tu, na ni kubwa.

Aliyemweleza sababu ni Daktari. Daktari wa mimea, si wa watu, ingawa jirani zake wameshamletea watoto wenye kikohozi zaidi ya mara moja. Ni kijana mrefu, mpole, anayeongea na mtu huku akichezea kalamu. Siku ya kwanza alichomoa uzi uliokuwa unaning'inia kwenye mkono wa koti lake, akamwonyesha.

"Mama, ndani ya kila seli kuna uzi mrefu ajabu, ndio unaobeba jeni zote. Uzi kama huo ukiachwa ovyo si utajifunga mafundo? Basi umezungushiwa kwenye vigurudumu vidogo vya protini, kama uzi wa cherehani. Vigurudumu vyenyewe tunaviita histoni. Uzi pamoja na vigurudumu vyake, hiyo ndiyo kromatini."

"Sawa. Na baridi inaingiaje hapo?"

"Taratibu, naja. Uzi ukilegezwa, jeni iliyoko hapo inasomeka, inafanya kazi. Ukikazwa, jeni inanyamaza. Ipo pale pale, haikupungua hata herufi, lakini haisomeki. Na kinachoamua ni alama. Kila kigurudumu kina mikia inayochungulia nje, na kwenye mikia hiyo seli inabandika alama ndogondogo za kikemikali. Nyingine zinasema legeza, nyingine zinasema kaza."

Kabichi, akamwambia, ina jeni moja ambayo kazi yake ni kuzuia maua. Baridi inapokaa, alama za kukaza zinabandikwa kwenye vigurudumu vya jeni hiyo, seli moja leo, nyingine kesho kutwa. Hakuna seli inayofunga nusu. Ama imefunga ama bado. Ndiyo maana baridi ya siku mbili tatu haifui dafu. Na zikishafunga vizuri, hata ukiutoa mmea juani alama hubaki, na seli ikijigawa, kila upande unarithi alama zake. "Kwa hiyo kabichi inakumbuka baridi," alisema Daktari, "hata majani yaliyokuwapo wakati wa baridi yakishaanguka."

Mama Jokofu aliyapenda maneno hayo. Jioni ile alimsimulia mwanawe wa kiume huku akikaanga viazi, na kijana akamwuliza kama kichwa chake nacho kina jeni ya hesabu iliyokazwa, wamwite fundi ailegeze. Walicheka mpaka viazi vikaungua.

Huyo mwana alikuwa kitinda mimba. Nyumbani walimwita Mdogo, na dada yake wakamwita Dada, na majina hayo yakawashika hata mama mtu akawa anawaita hivyo hivyo. Siku moja Mdogo aliumwa kichwa, homa ikapanda, Dada akampakia kwenye pikipiki akampeleka hospitali. Simu haishiki mtandao ndani ya chumba baridi, zile kuta hazipitishi kitu, kwa hiyo wafanyakazi huziacha kwenye kabati la nje. Siku ile Mama Jokofu alikuwa ndani tangu asubuhi akisafisha rafu. Alipotoka kunywa chai alikuta simu imejaa namba ya bintiye. Akapiga. Binti akapokea, akasema, "Mama, usikimbie tena."

Tangu hapo akafa ganzi. Msibani hakulia. Wako waliosema ana moyo mgumu, na wako waliosema ngoja kaburi likauke ndipo utakapomsikia. Kaburi likakauka, likaota nyasi, nyasi zikapaliliwa, zikaota tena. Kimya. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, walisema wahenga, lakini hawakusema mzazi asipousikia aende wapi. Alikula kwa kuwa saa ya kula imefika. Mboga ikikosa chumvi haoni. Siku moja alishika mpini wa sufuria wenye moto na aliyepiga kelele ni jirani. Alikwenda kazini kama kawaida, tena mapema kuliko kawaida, maana ndani ya jokofu hakuna anayekuuliza unajisikiaje.

Dada alikuwa ameolewa upande wa pili wa mji, na mumewe ni fundi wa kuchomelea mageti anayefuata kazi popote inapoitwa. Jumapili moja alikuja akiwa na mfuko wa machungwa, akaketi kwenye kochi, akasema, "Mama, nina mimba."

"Hongera, mwanangu."

Alilisema vizuri, tatizo halikuwa neno. Lakini sauti ilikuwa ile ile ya kumwambia mtu chai imekwisha. Dada alimtazama muda. Ni mwanamke wa maneno machache, na akisema amesema.

"Nikijifungua nataka uje ukae kwangu."

"Nitakuja."

"Ngoja, sijamaliza. Uje mzima. Kama utakuja kukaa vile ulivyokaa msibani, macho ukutani, bora usije kabisa. Mwanangu anataka mtu wa kumfurahia. Umenisikia, mama?"

"Nimekusikia, Dada."

Jamani, mwanamke ana watoto wawili. Mmoja ameshaondoka. Aliyebaki anamwekea sharti, na sharti lenyewe halinunuliki dukani. Angelitimizaje? Alijaribu, msidhani hakujaribu. Alitoa shati la Mdogo kabatini akalinusa, lilinukia sabuni. Alisimama kwenye geti la shule ya chekechea kuangalia vitoto vinavyotoka, mpaka mlinzi akamwuliza anamsubiri nani. Alimwomba jirani ampe mtoto wake mchanga, akampakata, akamwangalia, akamrudisha. "Mzuri," akasema. Mimba ya bintiye ikawa inakua na yeye hajapata hata chembe ya furaha.

Sasa sikieni kilichotokea Jumatatu moja.

Ijumaa jioni umeme ulikatika. Jenereta ikawaka kama inavyotakiwa, taa zikarudi, feni zikazunguka, kila mtu akaenda zake. Lakini swichi ya mashine ya kupoza ilikuwa imejizima yenyewe na hakuna aliyeitazama. Kengele ya hatari ipo, tena nzuri, ila ilikatwa waya siku nyingi kwa sababu ilikuwa inapiga kelele kila penye hatari. Ndivyo tulivyo! Na kipimajoto cha mlangoni, ukitaka mkosi ukamilike, mshale wake uliganda kwenye nyuzi tano ukabaki pale. Kwa hiyo Jumamosi yote na Jumapili yote taa ziliwaka ndani ya lile sanduku, feni zikakoroga joto, na kabichi zikapikwa taratibu.

Jumatatu asubuhi Mama Jokofu alifika, akatazama mshale, tano, sawa. Akavaa koti lake zito, kofia ya sufu, glavu. Akaingia, akafunga mlango.

Akafanya kazi. Alimwagilia. Alichuma majani yaliyooza, na yalikuwa mengi kuliko kawaida, akayatia kwenye gunia. Maji yalimtiririka usoni akayafuta kwa mkono wa koti akaendelea. Zamani mwanamke huyu alikuwa akifungua mlango tu anakwambia leo imepungua nyuzi moja, na wakipima wanakuta ndivyo. Zamani alikuwa akiingia anapumua kwanza, aone moshi wa pumzi yake. Siku ile alikaa mle ndani karibu asubuhi nzima.

Daktari alikuja kuchukua vipande vya majani. Alifungua mlango, akasimama kizingitini kana kwamba amepigwa kibao.

"Mama! Humu mna nini?"

"Mna kabichi, daktari."

"Mna joto, mama! Mna joto kama la tanuri! Wewe huoni?"

Alimtazama. Koti limelowa mgongo mzima, kofia imeganda kwenye paji, uso unameremeta kwa jasho. Akavua glavu moja, akanyoosha kiganja hewani, akakiangalia kama anayengoja kiganja kiseme.

"Mshale uko tano," akasema.

Daktari alikimbia kwenye swichi. Alirudi akipiga kelele, na kijana yule hapigi kelele, akamwambia kazi ya miezi yote hii imeharibika, mama, miezi yote, mtu gani anakaa kwenye moto amevaa sufu! Halafu akageuza ndoo tupu, akaikalia. Aibu ilimshika yeye, si mama. Mama Jokofu alikuwa amesimama palepale. Alijua amekosa, alijua anapaswa kuona aibu au hofu ya kufukuzwa, akawa anazingoja zije. Hazikuja. Kilichomjia kichwani ni kimoja tu: kama sioni moto, huyo mjukuu nitamwona kwa kitu gani?

Hawakumfukuza. Mkubwa wa kituo alisema kosa ni la kengele na la kipimajoto, na kwa mara ya kwanza alisema kweli. Kengele iliungwa waya siku hiyo hiyo.

Baada ya wiki kadhaa matokeo yakaonekana. Kulikuwa na kabichi za makundi mawili: za rafu za nyuma, zilizokaa baridini muda mrefu na zilikuwa zimekaribia kutoka, na za rafu za mbele, zilizoingia juzijuzi. Zote zilihamishiwa kwenye nyumba ya vioo. Za nyuma zikarefuka, zikachanua kana kwamba hakuna lililotokea. Za mbele zikarudia majani. Majani tu, mapana, ya kijani, yamenona, hakuna hata dalili ya ua.

Daktari alimkuta akizimwagilia, akamweleza. Alikuwa amevipima vile vipande vya majani. Kwenye kabichi za nyuma, alama za kukaza zilikuwa zimeshatanda kwenye vigurudumu vya ile jeni, zimeshika. Joto la siku mbili halikuzing'oa. Kwenye za mbele zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza, na joto lilizifuta. Uzi ukalegea, jeni ikafunguka, ikaanza upya kuzuia maua. "Zimesahau baridi," alisema, na ukimtazama ungeona amekwisha kupata cha kuandika. Wasomi nao! Nyumba ikiungua wanapima majivu.

"Na zile zilizoshika," aliuliza Mama Jokofu, "watoto wao watazaliwa wameshafungwa?"

"Mbegu zao? Hapana. Mbegu inapotengenezwa ndani ya ua, alama zile zinafutwa zote. Kila mbegu inaanza bila kujua baridi ni nini."

"Na binadamu?"

Daktari alichezea kalamu. Alikuwa na habari za msiba, kituo kizima kilikuwa nazo.

"Binadamu ni habari nyingine, mama. Alama nyingi zinafutwa mtoto anapoanza kutungwa. Zote? Sijui. Kwamba huzuni ya mzazi inaweza kumfikia mtoto kwa njia hiyo, watu wanabishana, na mimi sitakwambia nisichokijua." Kisha akaona ameacha pengo, akataka kuliziba. "Lakini wewe angalia hizi za mbele. Zilifunga, na zimefunguka. Joto likipatikana..."

"Daktari," akamkatiza, kwa upole kabisa, "mimi si kabichi."

"Kweli, mama. Nisamehe."

"Wala hujanikosea." Akaendelea kumwagilia.

Mkwewe alikuja alfajiri moja kugonga mlango, hajafunga kamba za viatu, anacheka. Mtoto wa kike! Mama mzima, mtoto mzima! Alimshika mama mkwe mikono miwili akasahau heshima yote. Mama Jokofu akasema hongera, akaingia ndani kuoga. Alijipaka mafuta, akavaa gauni safi, akaketi ukingoni mwa kitanda. Sharti alikuwa nalo kichwani neno kwa neno. Hakuwa mzima. Kudanganya angeweza, angetabasamu, angepiga na vigelegele. Lakini Dada angejua kabla hajakaa kitako. Aliamua atakwenda kumwambia ukweli mbele ya uso wake, kisha arudi, liwalo na liwe.

Wodi ilikuwa na vitanda sita, mapazia ya kijani, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Dada alikuwa kitanda cha dirishani, amelala ubavu, uso ukutani. Mtoto alikuwa ndani ya kitanda kidogo cha plastiki pembeni. Nesi, mama mnene mwenye mikono miepesi, akamwinua mtoto, akamtia mikononi mwa bibi yake bila kuuliza. "Haya bibi, mpokee mwenzio."

Akampokea. Mtoto alikuwa na uzito wake, ana joto lake, amekunja paji kama mwenye deni na ulimwengu. Mama Jokofu alimtazama masikio, akamtazama vidole. Akangoja. Akangoja tena kidogo, ili asije akasema hakungoja.

"Dada," akasema, "sitakudanganya. Nimemshika mwanao, nimengoja, sihisi kitu. Ulisema nisije hivi. Nimekuja tu ulisikie kwangu mwenyewe. Sasa nitamlaza, nirudi nyumbani."

Dada hakugeuka.

"Na mimi," akasema ukutani.

"Na wewe nini, mwanangu?"

"Sihisi kitu, mama. Waliponiwekea mtoto kifuani nikamtazama kama wa jirani. Tangu siku ile ya Mdogo. Nilikuwa nimemshika mkono, mama, na ukapoa nimeushika, na tangu hapo sihisi kitu. Mume wangu anacheka na mimi nacheka. Nilitaka wewe uje umpende. Nikuone unavyofanya, nikuige."

Hapo kitu kikamchoma Mama Jokofu chini ya mbavu. Alidhani ni tumbo. Aliinama kidogo, kama mtu aliyeshikwa na kichomi njiani, na kichomi hakikuondoka, kikapanda. Mwanawe alikuwa amekaa hivyo muda wote huu. Peke yake. Alikaa kwenye kochi lake na machungwa yake, mkono umebaki na baridi ya mkono wa ndugu yake, na mama mtu akamwambia hongera. Iliuma. Iliuma, jamani, vibaya sana, akatafuta pa kushika kwa mkono mmoja, mwingine umemkumbatia mtoto, akashika chuma cha kitanda, na sauti ikamtoka ambayo hata yeye hakuitambua. Alilia kwa kelele. Alilia mpaka wanawake wa vitanda vingine wakainuka kwenye mito yao, na mkwe akachungulia mlangoni cheko limemkauka mdomoni.

Nesi alikuja mbio, akamwangalia mtoto kwanza, akaona anapumua, akamwangalia mzazi, akaona yu hai.

"Bibi! Bibi, kuna nini? Nani amefariki?"

"Mwanangu," akajibu.

"Mwanao yupi? Lini?"

"Mwaka juzi."

Nesi akaduwaa, mkono uko kiunoni, hajui aite nani. Dada akageuka kutoka ukutani. Akamtazama mama yake anavyotikisika, akajiinua kwa shida na mishono yake, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto, mama," akasema. "Utamwangusha."